Nyie wa kufua maji, njooni hapa

Wiki hii kwenye chombo changu nimebadilisha mabaharia wawili, nimemsamehe mmoja, na wa nne mpaka sasa sijajua nimfanye nini.

Wa kwanza kaja pwani saa kumi na mbili na nusu. Bamvua ile, maji makubwa, yamejaa saa kumi alfajiri, wenzake wapo tangu saa tisa, yeye anakuja jua limeshatoka, chapati mkononi. Nilimngoja, hilo kosa langu. Alitukuta chombo kimelala ubavu juu ya tope na sisi tumekaa pembeni yake kama wafiwa. Wa pili alikaa omo, mbele ya chombo, na vispika masikioni. Napiga kelele "Legeza demani!", yaani kamba ya tanga, upepo umetupiga ghafla, foromali, mti unaobeba tanga, inalia, yeye anatikisa kichwa kwa singeli. Wa tatu alitapika ndani ya sufuria ya wali. Huyo ndiye niliyemsamehe, maana mimi mwenyewe nilitapika mwezi mzima mpaka wenzangu wakanibandika jina la Chambo.

Wa nne nitamfikia.

Nawaandikia nyie wavuvi wa pwani ya Tanga mlioanza juzi, wa Sahare, Kasera, Tongoni, Kigombe mpaka kule Moa. Siwaelezi maji mafu ni nini wala namna ya kufunga ndoana, hayo mtayajua au mtarudi nyumbani. Nawaandikia mambo ambayo mimi niliyajua yote kwa mdomo na bado nikayavunja.

1. Fua maji kabla hujaambiwa.

Upo wetu wa kuchotea maji yanayoingia chomboni ni galoni la mafuta ya kula lililokatwa ubavu. Ukiuangalia hauna heshima yoyote. Lakini nahodha akikaa tezi, nyuma ya chombo, hana televisheni, anakuangalia wewe na upo wako kutwa nzima. Anajua nani anafua maji yakiwa chini ya kifundo na nani anangoja mpaka ndala zielee.

Mimi niliingia chomboni 2003, nina miaka 15. Baba alikuwa ametangulia mwaka mmoja nyuma. Darasa la saba nimefaulu, jina limebandikwa ukutani, watu wamenipa mkono, na mama akaniuliza swali moja tu: "Sare tutashona kwa nini?" Basi nilivyofika pwani nilikuja na kisirani changu. Nafua maji huku nimenuna, nayamwaga baharini kama namtukana mtu. Nahodha akaniacha wiki tatu. Ya nne akaniambia, "Mwanangu, maji hayo siyo yaliyokufelisha." Nilitaka kumwambia sikufeli, nilifaulu. Sikumwambia, nikafua. Kichwani nimeshamjibu mara elfu tangu siku hiyo.

2. Hela ya kaskazi ni ya kula kusi.

Hili hata bibi zenu walilijua. Desemba mpaka Machi samaki wapo, bahari imelala, mtu ana hela mfukoni na anatembea mtaani kwa mwendo mpya. Kusi likishika, Juni, Julai, chombo kinakaa pwani siku nne kwenye wiki. Sisi tulimalizia hela kwenye maharusi, nyie mnamalizia kwenye mikeka ya kubeti. Kijana wangu mmoja Februari alikuwa na hela ya kununua vipande viwili vya jarife, wavu wa samaki wakubwa. Akaiweka yote kwa timu ya Uingereza ambayo hata mji wake hajui uko wapi. Juni akanikopa nauli ya daladala. Kila mgao mkubwa nunua kipande cha wavu. Wavu ukichanika unashonwa.

3. Usichokijua usikipige panga.

Mwaka 2004 jarife letu la papa tulilitega chini sana, nje ya mwamba, pale bahari inapoanguka ghafla kama ukingo wa kisima. Alfajiri tunavuta, ni zito, tunajua leo papa. Akatoka samaki wa buluu iliyokoza, madoa meupe mwili mzima, magamba kama vigae vya paa, na mapezi yake yamekaa juu ya vikonyo kama mikono ya mtoto mchanga. Mwenzangu akasema ni chewa aliyelaaniwa. Mimi nimeshainua panga nimkate awe chambo, jina langu lipate maana. Nahodha akasema, "Weka." Neno moja. Tukaja naye pwani mzima.

Ndiyo kumbe silikanti. Wataalamu waliamini ameisha duniani tangu zama za mijusi wakubwa, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka huo wetu wa 2004 Tanga tukawa tunawatoa kwenye majarife mmoja baada ya mwingine, wageni wakaja na kamera, na 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Hifadhi ina sheria zake kuhusu wapi unatega na unatega nini. Ziulizeni kwa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia pwani, kabla doria haijawaeleza. Na nyama yake msiitamani, ni mafuta matupu, inaharisha. Najua kwa sababu kuna jirani hakuambilika.

Nahodha hakuwa anamjua yule samaki kuliko sisi. Alichotuzidi ni kwamba hakuona aibu kutojua.

4. Shida ikikukuta, sema.

Hili mtalipita haraka mkidhani ni jepesi. Kaeni chini.

Kusi la 2014. Nina miaka 26, mke mmoja, binti wa miaka miwili. Miaka kumi na moja kwenye chombo kile kile. Nahodha alikuwa ameanza kuniachia kana, mkono wa usukani, tukirudi: "Shika, niswali." Waliokaa baharini wanajua uzito wa maneno hayo. Mtu aliyekuachia kana ili aswali, roho yake mkononi mwako, huyo ameshakuchagua. Pwani nzima walijua mzee akishuka nchi kavu chombo ninakishika mimi.

Binti akashikwa na homa. Siku ya nne hospitali wanataka vipimo, dripu, na dawa ambazo dirishani hazipo, kanunue nje. Kusi limechachamaa, hatujatoka siku sita. Dukani daftari la mkopo limegoma. Mke wangu ameweka herini zake rehani bila kuniambia, nimeona masikio tu. Siku ya saba upepo ukapungua, tukatoka.

Usiku tukatia nanga nje ya kisiwa cha Karange, tunavua mishipi. Mkono wangu ulikuwa na bahati mbaya ya kupata. Kolekole watatu, kila mmoja kama kilo nne, wamekuja wakati wenzangu wamejikunyata wamelala na mzee yuko tezi kwenye giza. Nikawatia kwenye kiroba, kiroba nikakisukuma ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, juu yake wavu mbovu. Nikajiambia hiki ni kitoweo changu kimetangulia.

Sasa nyie mnajua, na mimi nilijua, kwamba kwetu kitoweo ni haki. Kila baharia anaondoka na chake kabla ya mnada. Mwenye mgonjwa akisema anaongezewa, na hakuna anayehesabu. Mgao wetu ni ule ule: toa gharama, nusu chombo, nusu watu, na kwenye ile nusu ya watu mwenye shida hajawahi kuachwa. Ningefungua mdomo tu. Lakini mzee alishaniona kama nahodha, na sikutaka anione nimenyoosha mkono. Kuomba niliona aibu. Kuiba sikuona, kwa kuwa kuiba unafanya peke yako.

Saa mbili asubuhi tumefika Sahare. Mnada umeisha, watu wametawanyika. Hesabu yangu ilikuwa nikae kae, pwani ikitulia nirudi, "nimesahau panga," niondoke na kiroba. Mzee hakuondoka. Akakaa kwenye ukingo wa chombo na sindano yake, anashona wavu. Saa nne. Saa tano. Ananihadithia safari zake za Pemba, hadithi nilizozisikia mara ishirini, na mimi nacheka mahali pa kucheka. Jua linapanda. Samaki wa ngamani hana adabu, jua likimfikia anajitangaza.

Akanyanyua kichwa. "Lete upo, tufue."

Tukafua. Mimi nafua nikikizunguka kile kiroba kama mtu anayefagia pembeni ya mtoto aliyelala. Yeye kasimama tezi ameangalia kisiwa cha Ulenge, hakutazama chini hata mara moja. Akasema, kama anauambia wavu, "Tezi na omo, marejeo ngamani." Methali hiyo nimeisikia tangu tumboni. Siku hiyo niliielewa kwa pua.

Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa noti zimekunjwa kwenye kipande cha gazeti.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo, Nahodha."

"Jana kabla hatujatoka tulizungumza na wenzio. Tumekubaliana itoke juu, kabla ya mgao. Elfu themanini. Mpeleke."

Jana. Kabla hatujatoka. Wakati mimi nasukuma kiroba ngamani, wale waliojikunyata pale mbele walikuwa wameshanitolea.

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo nilifungua kweli, na kilichotoka ni "Ahsante, Nahodha." Nikazichukua, nikaenda hospitali mbio. Mtoto akapona, namshukuru Mungu, sasa yuko sekondari na ananisahihisha Kiingereza changu. Alasiri nikarudi pwani. Ngama imekauka, imesuguliwa. Wavu mbovu umekunjwa. Na kiroba kimefuliwa, kimeanikwa juu ya foromali, kinapepea kama nguo ya mtoto.

Mgao wangu nilipewa kamili. Hakupunguza hata mia.

Bamvua iliyofuata nikangoja simu, haikuja. Nikashuka mwenyewe.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba. Leo tumetimia."

Wapo watano. Siku zote tulikuwa sita. Wiki ya pili, tumetimia. Nikaenda Mwarongo, tumetimia. Kigombe, tumetimia. Hakuna hata mmoja aliyeniita mwizi, na ningepewa jina hilo walau ningepata cha kukataa au kukubali.

Misimu mitatu nikawa kuli bandarini. Wakati ule gatini kina kilikuwa mita 3 tu, meli zinatia nanga nje, mzigo unashushwa kwenye matishari, majahazi bapa yasiyo na injini, tagi inayavuta mpaka ukutani. Nimebeba magunia yale mpaka bega la kulia likawa na sugu kama goti la ngamia. Na kutoka juu ya tishari, alasiri, ukiwa na bahati mbaya unaona mashua zinatoka. Niliiona yetu. Tanga lake nalijua, kiraka cha pembeni nilikishona mimi. Kwenye kana amekaa mwenzangu ambaye mimi ndiye nilimfundisha kufunga henza, kamba ya kupandishia tanga.

Homa ya mtoto ilichukua siku tisa. Hiyo misimu mitatu niliichukua mwenyewe.

Mwaka 2017 nikaenda kwa mzee, baada ya alasiri, kakaa barazani, miguu imeshaanza kuvimba. Nikasema yote. Kolekole watatu, kiroba, wavu mbovu. Akakaa kimya muda mrefu, mpaka mkewe akachungulia dirishani akidhani kuna msiba.

"Watatu?" akasema. "Mimi miaka yote hii nahesabu wanne."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Akaniambia, "Upo uko pale pale." Nikiwa na miaka 29 na watoto wawili nikarudi kufua maji, chini ya yule yule niliyemfundisha henza, miezi tisa. Chombo nilicho nacho leo si kile, hiki nimekinunua kwa vipande vyangu vya wavu na mkopo niliomaliza mwaka jana. Kile yuko nacho mwenzangu, na anakiendesha vizuri kuliko ambavyo ningekiendesha mimi. Sentensi hiyo imenigharimu kuiandika.

Mzee ameshatangulia. Nilimpenda, na bado kuna mahali sikubaliani naye. Siku ile tezi alikuwa anajua, na yeye pia alikuwa na mdomo. Angesema, "Toa kiroba hicho, mwanangu, tule." Alichagua kuniangalia nitafanya nini. Nimelala nikiliwaza hilo usiku mwingi kuliko nilivyowaza kolekole.

5. Kazi ya nchi kavu si laana, ila usiikimbilie umeshika wavu wa watu.

Naona mnavyoangalia Chongoleani. Bomba la mafuta linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, na mwisho wake ni hapo kwetu, lazima mtu atamani kofia ngumu. Nendeni, lakini malizeni msimu, rudisheni nyavu, muage. Na mkifika huko jifunzeni kitu cha kubaki nacho mkononi. Nimewaambia habari ya matishari. Bandari imeshaongezwa kina mpaka mita 13, gati zina urefu wa mita 450, meli sasa inakuja kufunga kamba ukutani kama bibi harusi. Jambo jema kwa mji. Genge letu la matishari likatawanyika. Mmoja wetu alikuwa kila jioni anakwenda VETA kusomea uchomeleaji, tulimcheka sana, anatembea na harufu ya moshi. Mwaka jana nilimlipa laki moja kunichomelea kitako cha mashine na hakunipunguzia.

6. Ya haraka haraka.

Simu itie kwenye kopo la mfuniko wa kuzungusha. Maji ya kunywa beba ya siku mbili hata kama mnarudi jioni. Jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Mwambie mtu wa nyumbani unaelekea mwamba gani. Leseni ya uvuvi ikatwe mapema. Pamba za kuziba mianya na deheni, mafuta ya kupaka chombo, zinangoja maji mafu, yale madogo, hazingoji uwe na nafasi. Ukitapika, tapikia upande wa demani, kule upepo unakoelekea, jamani, nawaomba.

Na baruti. Mtaani kwetu kuna mtu anakula kwa mkono wa kushoto. Hakuzaliwa hivyo, na wageni wakimshangaa kwenye sinia watoto wake wanaangalia chini.

Sasa wa nne.

Jumanne tumerudi, nimeinama ngamani mwenyewe kwa sababu mashine ilikuwa inavuja. Chini ya wavu mbovu kuna kiroba. Chewa wawili. Mahali pale pale, yaani sijui nani anawafundisha. Nilimjua mwenye nacho kabla sijageuka, maana alikuwa kimya ghafla na anafua maji ambayo hayapo. Mama yake yuko wodini wiki ya pili, hilo nalijua, mke wangu amekwenda kumtazama mara mbili. Yeye hajanitamkia.

Nikamuuliza, "Mama anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo, Nahodha."

Nilihisi mtu amenimwagia maji ya baridi mgongoni. Nikatafuta maneno, nikaikuta methali ya mzee imekaa tayari mdomoni. Nikaimeza. Halafu sikupata kingine cha kuweka badala yake, watu wakaanza kushusha samaki, mnada ukaanza, akaondoka mikono mitupu. Kwa hiyo na mimi, kwa maneno yangu yote haya, nilinyamaza. Tangu juzi amenipigia simu mara mbili sijapokea, naogopa nitasema tumetimia.

Bamvua ni keshokutwa na tuko watano. Kijana, najua unasoma hapa, maana unaona kila kinachopita simuni isipokuwa maji ya ngamani. Leo mpaka magharibi nipo pwani napaka deheni. Njoo na lako useme, na mimi nina langu. Kuna hela kidogo ya mama pia, wenzio tumeshazungumza. Wale chewa usiwaulizie, tumewala kwa nazi Jumanne ile ile. Kiroba chako nimekifua, kipo juu ya foromali.